Mtoto Mwenye Pumu ya Ngozi Anapoletwa Dharura: Namna ya Kumhudumia Hadi Anaporuhusiwa

Ni nadra mtoto mwenye pumu ya ngozi, yaani ukurutu unaowasha na kurudi-rudi, kuletwa idara ya dharura siku ya kwanza ya ugonjwa. Familia imeshaishi na ukurutu huo kwa miezi, pengine tangu mtoto akiwa mchanga. Wameshazoea mikwaruzo, ngozi kavu na usiku wa kuamka-amka. Ndiyo maana sianzi kwa kuuliza ugonjwa ulianza lini. Namuuliza mzazi, "Mama, nini kimewafanya mje leo?" Kisha nanyamaza nimsikilize.

Jibu lake ndilo linaloniongoza. Akisema dawa imeisha na mtoto hajalala, najua kazi yangu ni ya mikono: kupaka, kufunga, kufundisha. Akisema, "Tangu jana jioni vimetoka vipele vipya, na akiguswa analia," nainuka kitini. Akisema mtoto amelegea na hataki kunyonya, ngozi inasubiri. Naanza na upumuaji, mapigo ya moyo, joto, oksijeni na sukari kama ninavyofanya kwa mtoto yeyote mgonjwa. Na akisema amechoka, hajui afanye nini tena, hiyo nayo ni sababu halali ya kuja dharura. Mtoto anayejikuna usiku kucha halali, na mzazi wake halali.

Mimi ni muuguzi wa dharura ya watoto. Haya nawaandikia wenzangu wa zamu, wauguzi, matabibu na madaktari wanaoanza, ingawa mzazi akiyasoma atajua cha kudai. Msimamo wangu ni huu: pumu ya ngozi ikifika dharura tuna kazi mbili. Kwanza tuwatambue wale wachache walio hatarini. Pili, hao wengine tuwapake dawa vizuri kwa mikono yetu kabla hawajaondoka. Kazi ya pili ndiyo tunayoiacha mara nyingi, na ndiyo inayowarudisha wiki inayofuata.

Mvue nguo zote

Usikague ngozi kupitia kola ya shati. Mvue mtoto nguo zote, nepi pia, kwenye mwanga wa kutosha, na umfunike shuka sehemu ambayo huiangalii. Angalia nyuma ya masikio, kwapani, mikunjo ya magoti na viwiko, kichwani, kati ya vidole. Kwa mtoto mchanga pumu ya ngozi hupenda mashavu, paji la uso na upande wa nje wa mikono na miguu. Akikua huhamia kwenye mikunjo. Eneo la nepi kwa kawaida husalimika, kwa hiyo likiwa ndilo lililoharibika zaidi, fikiria kitu kingine.

Vitabu vingi vimetufundisha kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujionyeshi hivyo. Utaona rangi ya zambarau, ya kijivu, au weusi uliozidi wa ngozi inayozunguka. Mara nyingi utaona vinundu vidogo vidogo kwenye vinyweleo, kiasi kwamba ngozi inakwaruza kiganja. Tumia mkono. Pitisha mgongo wa kiganja chako: penye uvimbe pana joto, na ngozi ni nene. Nimeona watoto wameandikwa "ukurutu hafifu" kwa sababu tu aliyewaona alitafuta rangi asiyoweza kuiona.

Ukiwa hapo hapo, jiulize kama kweli hii ni pumu ya ngozi. Upele wa wadudu huwasha zaidi usiku, hukaa kati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, kwa mtoto mchanga hushika hadi viganja na nyayo, na mara nyingi kuna mwingine nyumbani anayejikuna. Mashilingi yana ukingo wenye magamba na katikati penye nafuu, na ukiyapaka steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, yanasambaa huku yakipoteza sura yake. Vidonda vinavyozunguka mdomo na njia ya haja, pamoja na kuharisha na nywele kunyonyoka, vinaweza kuwa upungufu wa zinki. Na mtoto mwenye ukurutu mkali asiyeongezeka uzito, anayepata maambukizi makubwa kila mara, au mwenye madoa ya damu chini ya ngozi, anahitaji kupimwa damu na kuonwa na daktari bingwa wa watoto. Kinga yake ya mwili inaweza kuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo.

Malengelenge yanayofanana: usisubiri majibu ya maabara

Kama utakumbuka sehemu moja tu ya maandishi haya, iwe hii. Virusi vya herpesi, vile vile vinavyomtoa mtu mzima malengelenge mdomoni, vikiingia kwenye ngozi iliyochubuka ya mtoto mwenye pumu ya ngozi husambaa upesi. Hali hii imejulikana tangu karne ya 19, ilipoelezwa na Moritz Kaposi, na bado inapita mbele ya macho yetu ikiitwa "ukurutu uliopata usaha".

Sura yake, ukishaiona, hutaisahau. Malengelenge madogo ya milimita 1 hadi 3, yote ya ukubwa mmoja kana kwamba yamepigwa muhuri, yamekaa kwa makundi usoni, shingoni, au popote ukurutu ulipokuwa. Yakipasuka yanaacha vishimo vya duara vyenye kingo zilizokatika wima, baadaye vinafunikwa na gaga la damu. Ukurutu wa kawaida hauna mpangilio huo. Mikwaruzo yake ni mistari, na vidonda vyake havilingani. Jambo la pili ni maumivu. Mtoto aliyekuwa akijikuna sasa hataki kuguswa. Jambo la tatu ni homa na uchovu, ingawa mwanzoni joto linaweza kuwa la kawaida. Muulize mzazi kama kuna mtu nyumbani aliyetoka malengelenge mdomoni siku za karibuni, lakini akisema hakuna, usitulie kwa sababu hiyo.

Ukishuku, fanya haya. Mwite daktari sasa. Pasua lengelenge moja bichi, chukua sampuli kwa pamba kutoka kwenye sakafu yake upeleke kupima virusi, na nyingine ya bakteria, kwa sababu mara nyingi vyote viwili vipo. Asikloviri, dawa ya kupambana na virusi vya herpesi, ianze bila kungoja majibu: kwa mishipa kama mtoto ni mchanga, anaumwa, ana homa au vidonda vimesambaa, ya kunywa inatosha tu kwa mtoto mkubwa kidogo, mchangamfu, mwenye eneo dogo, na awe na miadi ya kuonwa tena kesho yake. Akiwa anapakwa takrolimusi, dawa ya ukurutu inayopunguza kinga ya ngozi, iachwe kwanza. Anayepewa asikloviri kwa mishipa apate maji ya kutosha, maana dawa hiyo inaweza kuumiza figo za mtoto aliyekaukiwa.

Vidonda vikiwa kwenye kope au karibu na jicho, daktari wa macho amwone siku hiyo hiyo. Konea, kioo cha mbele cha jicho, ikishapata kovu, uono hauwezi kurudishwa kwa tone la dawa. Na mtoto huyu asikae benchi moja na watoto wachanga, wenye kinga dhaifu, au wenzake wenye pumu ya ngozi. Mtafutie chumba. Wewe mwenyewe ukiwa na lengelenge mdomoni, mpe mwenzako amhudumie.

Kirusi cha koksaki, kile cha ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, nacho hupenda kushika palipo na ukurutu na kinaweza kufanana sana na herpesi. Bakteria wa streptokoka nao huchimba vishimo. Ukiwa huna uhakika, tibu lililo la hatari zaidi kwanza. Asikloviri unaweza kuisimamisha majibu yakirudi.

Hatari nyingine ambazo ngozi huzificha

Ngozi karibu yote ikiwa imewaka na inabanduka, mtoto anapoteza joto na maji kupitia kwayo. Utamkuta anatetemeka huku ngozi ni ya moto mkononi mwako. Pima joto la ndani, angalia damu inarudi kwa sekunde ngapi ukibonyeza kifua, pima uzito, na umlaze wodini. Huyu harudi nyumbani leo.

Homa kwa mtoto mwenye ngozi iliyochubuka isipite bila swali. Bakteria wa stafilokoka wanaoishi kwenye ngozi hiyo wanaweza kuingia kwenye damu, mfupa au kiungo. Mtoto anayechechemea, anayekataa kusimama, au asiyetaka kutumia mkono mmoja, usimwambie mzazi kwamba ni mikwaruzo inayouma.

Watoto hawa pia huwa na mzio wa vyakula kuliko wengine. Mabaka yaliyovimba yanayohamahama mwilini, midomo kuvimba, kutapika ghafla, sauti kukwaruza au kifua kubana: hayo si ukurutu kuzidi. Adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Paja likiwa na ukurutu, choma hapo hapo.

Branula na plasta

Jambo dogo linalowaumiza watoto hawa bila sababu. Ukitaka kuweka branula, mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, tafuta mshipa kwenye ngozi nzima kwanza, hata kama si mahali ulipozoea. Dawa ya kusafishia ngozi inachoma vibaya kwenye mchubuko, kwa hiyo mwambie mtoto ukweli kabla, gusa bila kusugua, na uache ikauke. Mpira wa kufungia mkono uweke juu ya nguo au gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Plasta ya kawaida ikibanduliwa huondoka na ngozi. Tumia bandeji laini ya kuzungusha, na plasta ya silikoni kama ipo. Ukilazimika kubandua plasta, ilainishe kwanza na mafuta yake mtoto, subiri kidogo, kisha ikunje taratibu. Viwaya vya kifuani vya kufuatilia mapigo ya moyo vikikataa kushika kwa sababu amepakwa mafuta, futa duara dogo tu kwa gozi kavu. Bendi ya jina ikae juu ya soksi.

Chumba kisiwe na joto kali. Mtoto akipata joto anawashwa zaidi, na mablanketi ya sufi yanamchoma. Shuka ya pamba inatosha kwa yule asiye na tatizo la joto kushuka.

Kupaka: hapa ndipo tiba ilipo

Mwombe mzazi akuonyeshe tyubu na makopo yote anayotumia. Krimu isiyo na lebo iulizie kwa upole. Huenda ina klobetasoli, steroidi kali mno kwa uso wa mtoto. Kisha uliza swali ambalo wengi hatuulizi: "Tyubu hii mlifungua lini?"

Hesabu yake ni hii. Kamua dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kiungo cha kwanza. Hiyo tunaiita ncha moja. Ni nusu gramu hivi, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji ncha moja na nusu kwa uso na shingo, moja na nusu kwa kila mkono, mbili kwa kila mguu, mbili kwa kifua na tumbo, tatu kwa mgongo na makalio. Jumla ni ncha 13 na nusu, karibu gramu 7 kwa kumpaka mwili mzima mara moja. Tyubu ya gramu 15 inakwisha kwa kupaka mara mbili. Sasa mzazi anakuambia tyubu hiyo wameitumia mwezi mzima, na hapo unaelewa kwamba dawa haikushindwa. Haikuwahi kufika kwenye ngozi kwa kiasi kinachotakiwa. Hakuna haja ya kupanda hadi dawa kali zaidi. Mpe ile ile kwa kiasi sahihi, na daktari aandike ujazo unaolingana na mwili wa mtoto.

Kwa kawaida uso hupata steroidi nyepesi kama haidrokotisoni ya asilimia 1. Mwilini, ukurutu ukiwa umelipuka, daktari ataandika yenye nguvu zaidi kama betamethasoni au mometasoni, mara 1 au 2 kwa siku, hadi ngozi itulie: siku chache hadi wiki moja au mbili kwa wengi. Kwa mtoto mchanga daktari hushuka ngazi. Inapakwa penye ugonjwa tu, popote palipo na ukavu wenye uvimbe na muwasho.

Mafuta ya kulainisha ni habari tofauti. Hayo ni ya mwili mzima, kila siku, hata ngozi ikipona, na kiasi chake huwashangaza wazazi: gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Chagua yasiyo na manukato. Mazito hufanya kazi vizuri zaidi kwenye ngozi kavu sana, lakini yale ambayo mtoto anayakataa hayafai kitu. Bora mepesi anayoyakubali. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole, ili bakteria wasihamie koponi. Teremsha mkono kufuata uelekeo wa vinyweleo bila kusugua, acha utando unaong'aa. Kati ya mafuta na steroidi acha dakika 15 hadi 30. Kipi kitangulie si jambo la kugombania. Mwambie pia mzazi kwamba nguo na shuka zilizolowa mafuta haya hushika moto upesi, kwa hiyo mtoto akae mbali na moto na sigara.

Napenda kumpaka mtoto mkono mmoja mimi mwenyewe, na mzazi ampake mwingine nikimwangalia. Nakumbuka baba mmoja aliyeshika tyubu kama anayeogopa itamwuma. Alipaka doa dogo, akalieneza hadi likapotea. Nikamkamulia ncha nzima kidoleni mwake na kumwambia, "Baba, hii yote, hapa tu." Aliniangalia kuhakikisha nimemaanisha. Kisha akapaka, na mtoto akaacha kujikuna mkono ule, akaendelea na ule mwingine. Hakuna karatasi ya maelezo ingeweza kumfundisha hivyo.

Hofu ya steroidi izungumzie waziwazi. Wazazi wameambiwa inachubua ngozi, na wanaona madoa meupe baada ya ukurutu kupona. Waeleze kwamba kwa wengi madoa hayo yameachwa na ugonjwa wenyewe, na rangi hurudi polepole kwa miezi. Dawa ikitumika vibaya, kali kwa muda mrefu usoni kwa mfano, ina madhara ya kweli, na ndiyo maana unawapa mpango wenye siku na mipaka. Usiwacheke wala usiwafiche.

Kama muwasho ni mkali na ngozi haina maambukizi, bandeji mbichi humtuliza mtoto haraka. Paka mafuta na dawa, lowesha bandeji ya mviringo au pajama ya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, kamua, mvalishe, kisha juu yake mvalishe kavu. Usimfanyie mtoto mwenye homa, usaha au malengelenge, na usimruhusu apate baridi. Steroidi chini ya bandeji hupenya zaidi, kwa hiyo iwe kwa maelekezo ya daktari na kwa siku chache.

Antibayotiki na dawa nyingine za kunywa

Ngozi nyingi zenye ukurutu zina stafilokoka juu yake, hivyo sampuli kurudi na bakteria hakumaanishi maambukizi. Gaga la njano la asali, usaha, maji yanayochuruzika, ukurutu uliozidi ghafla: hapo fikiria antibayotiki. Mtoto mchangamfu mwenye gaga dogo anaweza kutulia kwa kutibiwa ukurutu tu. Akiwa anaumwa au eneo ni kubwa, flukloksasilini au sefaleksini hutumika sana, kwa kufuata mwongozo wa kituo chako na kuuliza mzio. Steroidi ya kupaka iendelee sambamba.

Vidonge na sindano za steroidi zinapendeza kwa siku nne, kisha ukurutu unarudi kwa kishindo. Mimi huomba daktari azikwepe, labda mtoto awe na sababu nyingine, kama pumu ya kifua iliyobana. Dawa za mzio za kulevya usingizi hazitibu muwasho wa ukurutu. Zinaweza kumsaidia mtoto mkubwa kulala usiku mmoja au miwili. Promethazini, mojawapo ya hizo, asipewe kamwe aliye chini ya miaka 2, inaweza kuzuia upumuaji.

Kabla hajatoka mlangoni

Mwandikie mzazi kwa lugha anayoisoma: dawa ipi ya uso, ipi ya mwili, ncha ngapi, siku ngapi, na mafuta yapi yanaendelea baadaye. Usiandike "tumia inavyohitajika". Maneno hayo hayamwambii chochote saa nane usiku. Kucha zikatwe fupi. Kuoga ni kila siku kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, bila sabuni yenye povu na manukato, na mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu. Asiachishwe vyakula kwa kubahatisha. Mtoto anayekua anaweza kudhoofika kwa hilo.

Mwambie arudi usiku huo huo akiona malengelenge au vishimo vya duara, maumivu yanayozidi muwasho, homa, ukurutu unaosambaa kwa saa chache, jicho kuuma au kuvimba, mtoto kulegea au kukataa kunyonya. Mwambie arudie maneno hayo kwako kwa namna yake. Asipoweza kuyarudia, wewe ndiye hujaeleza vizuri.

Kisha andika rufaa ya kliniki ya ngozi au ya watoto yenye tarehe, na ndani yake taja uzito, maeneo yaliyoshikwa, dawa ulizoziona na tyubu ilidumu kwa siku ngapi. Mkabidhi mzazi nakala mkononi, pamoja na dawa inayotosha hadi tarehe hiyo.